Upole Ndani ya Kisikio

Siku kisikio cha Bibi Syabumi kilipozima, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko akiita kuku. Aliwaita, akawaita tena, kisha akanyamaza na kushika koo lake, maana hakuwa amejisikia akiita. Mkamwana wake, Subilaga, aliyekuwa akimwagilia miche ya parachichi upande wa pili wa uwanja, aliuona ule mkono kooni akajua.

Visikio vilikuwa vikizima Tukuyu nzima tangu mvua zianze. Kampuni iliyovitengeneza ilikuwa imefilisika huko ng'ambo, na kila kisikio, ijapokuwa kilipandikizwa kichwani mwa mtu na ngozi yake ikaota juu yake, kilitakiwa kuomba kibali kwa kampuni kila mwaka. Sasa hapakuwa na wa kuombwa. Kibali kikiisha, kisikio kinazima kama taa. Mashine mpya, zile za kukodi ambazo kila unachoandika kinakaa Ghalani, kwenye kompyuta za kampuni, na si kwako, zilikataa hata kuvigusa. Zilijibu tu kwamba kifaa hiki hakina saini ya mwenyewe. Kisikio cha mwalimu mmoja mstaafu kilizima katikati ya mazishi ya ndugu yake, naye akabaki ameduwaa huku watu wakiimba. Fundi cherehani wa sokoni alikuwa akipokea vipimo vya wateja kwa chaki na ubao.

Subilaga alifunga bomba akavuka uwanja, akamshika mama mkwe wake mikono yote miwili.

"Mama Lusajo," Bibi Syabumi alimwambia kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu asiyejipima, "Gwakisa alisema hiki changu hakitazima."

Gwakisa alikuwa mume wa Subilaga na mtoto pekee wa Bibi Syabumi. Alikuwa fundi wa visikio, na alikuwa amefariki. Lakini ni kweli alisema hivyo. Subilaga alikuwapo siku alipoyasema.

* * *

Gemu ya mkononi ambayo Gwakisa aliitumia kutengenezea visikio ilikuwa kabatini, imeviringishwa kwenye fulana ya Gwakisa ya kijani. Subilaga aliitoa akakaa nayo kitandani bila kuiwasha.

Walipoanza maisha walipanga chumba Mwanjelwa, kule Mbeya, chumba ambacho ukifungua mlango lazima uinue miguu ya aliyekaa kitandani. Ulikuwa wakati ule kompyuta za kumiliki zilipokuwa zikitoweka madukani moja moja, zikibaki skrini za kukodi tu. Gwakisa aliinunua gemu ile kwa mwanafunzi aliyekuwa akihama. Subilaga alinuna. Mwanamume mzima, mke ana mimba, ananunua mchezo. Jioni ile ile Gwakisa akaazima televisheni ya jirani, akachomeka kidude cha kugawa nyaya, akaunganisha kibodi na kipanya. Akabonyeza kitufe cha kuzimia, akakishikilia, na katika maneno yaliyojitokeza akachagua "Hali ya Mezani." Wachezaji wa mpira wakatoweka. Pakatokea meza tupu ya rangi ya bluu, yenye folda na saa na mahali pa kuandikia.

"Wamesahau kwamba ndani ya gemu kuna kompyuta," alisema. "Wamefunga maduka yote, hiki wamekiacha wazi kwa sababu wanadhani ni cha watoto."

Haikuwa wazi kabisa. Ndani yake kulikuwa na Linux, mfumo huria wa kompyuta, lakini uliopigwa kufuli. Subilaga alipotaka kujua kufuli lenyewe liko wapi, mumewe alimweleza huku akimenya ndizi ya kuchoma.

"Humu tumepanga kama tulivyopanga hapa. Kuta na paa ni vya mwenye nyumba. Unaweza kuligeuza kufuli ukapigilia msumari ukutani, sawa, lakini siku mwenye nyumba akija kupaka rangi anaung'oa. Kila sasisho ni rangi mpya. Chumba chetu ni hiki kimoja, kinaitwa nyumbani. Ukiweka kitu humu, hakigusi."

Basi maisha yao yote yakahamia katika chumba kile kimoja. Picha za Lusajo akiwa mchanga. Hesabu za kitalu, siku Subilaga alipopata wazo la miche. Programu za Gwakisa, alizoziandika mvua ikipiga bati, kwenye kibodi isiyo na kifuniko cha herufi M. Kila alipotaka kuandika "mama" ilimbidi achokoe kijiti kilichobaki kwa ncha ya kalamu. Wakichoka walirudi hali ya gemu wakacheza mpira, na Subilaga akamfunga mumewe mabao mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa aligundua betri imevimba. Kifuniko cha nyuma kilikuwa kimeachana kidogo na mwili wake, kama mkate uliozidi hamira. Aliichomeka kwenye umeme kwa uangalifu, akabonyeza. Kwa muda hapakutokea kitu. Kisha feni ndogo ya ndani ikaanza kuvuma, mvumo ule ule mwembamba aliolala akiusikia miaka ya ujana wake, na Subilaga akajikuta ameweka kiganja juu ya mashine kama mtu anayepima homa ya mtoto.

* * *

Alifanyia kazi sebuleni kwa wakwe zake, maana wao ndio waliokuwa na televisheni ya zamani yenye tundu linalofaa. Nyumba zao zilitazamana uwanjani. Bibi Syabumi aliketi kwenye kiti karibu na dirisha, ametulia kama yuko kwa msusi.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Lusajo, kijana wake aliye Dodoma, aliwahi kuichezea gemu ile likizo moja na kuiruhusu ijisasishe. Rangi mpya ilikuwa imepakwa. Kiunganishi cha visikio, ambacho Gwakisa alikipigilia ukutani mwa mfumo, kilikuwa kimeng'olewa. Subilaga alifungua dirisha jeusi la amri. Vidole vilikumbuka kabla yake. Aliandika amri ya kugeuza kufuli, akatoa neno la siri, kisha akaingia kwenye folda ya nyumbani kuona mumewe aliacha nini. Palikuwa na programu fupi inayoitwa "rudisha." Akaiita. Mistari ikapanda skrini mmoja baada ya mwingine, misumari yote ikarudishwa mahali pake, na mwishoni pakaandikwa: *Tayari. Weka sumaku.*

Aliweka duara la sumaku nyuma ya sikio la Bibi, pale nywele zilipokuwa zimekonda. Bibi Syabumi alifumba macho. Kisha uso wake ukafunguka.

"Mvua," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, imerudi kipimo chake. "Kumbe inanyesha."

Kwenye skrini palikuwa na mistari miwili. Wa juu uliandikwa *Kinachosemwa*, wa chini *Kinachosikika*. Kisikio hakipitishi sauti kama bomba linavyopitisha maji. Huipokea, huivunja, kisha huijenga upya kwa namna ambayo mshipa wa sikio unaielewa. Mistari ile ilikuwa ya fundi, ili aone kama kilichojengwa kinafanana na kilichovunjwa.

"Mama, unanisikia?"

Maneno hayo yakatokea juu, na yale yale chini.

"Nakusikia, mwanangu. Gwakisa alisema kweli."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Ambokile, baba mkwe, akikung'uta koti la mvua. Kwa mila ya zamani ya Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Vijana wengi walikuwa wameiacha, lakini Subilaga aliishika kwa heshima. Aliinuka nusu, akainamisha macho, na macho yakaangukia skrini.

"Bado mnahangaika na hilo gogo?" mzee alisema. "Masikio yake yalikufa zamani, ukabaki mdomo wa kulia chakula."

Mstari wa juu ukayaandika yote. Wa chini ukaandika: *Bado mnahangaika? Masikio yake yatapona, msiwe na wasiwasi.*

Bibi Syabumi akatabasamu. "Asante, baba Gwakisa. Yamepona."

Mzee alimtazama mkewe kitambo, akaguna, akatoka na kikombe chake barazani. Baada ya muda sauti yake ikaingia dirishani. *Chai gani hii, maji ya kuoshea miguu,* ukaandika mstari wa juu. Na wa chini: *Chai gani hii, nimeipenda.*

"Siku hizi anasifia kila kitu," Bibi alinong'ona, kama anayetoa siri ya furaha.

Chini kabisa ya skrini palikuwa na swali. Kibali kipya kilikuwa tayari kuandikwa, lakini kwanza programu ilitaka kujua: *Weka upole? Ndiyo / Hapana.*

* * *

Subilaga alimwambia mama mkwe wake kwamba mashine inahitaji kupumzika, asiiguse sumaku. Akarudi kitaluni akasimama katikati ya miche, ananyeshewa.

Hadithi ya wazee wale aliijua, kama kila mtu pale mtaani. Ambokile alikuwa mwalimu wa kwaya, na Syabumi ndiye aliyekuwa sauti yake ya kwanza, ambayo watu walitoka Kyela kuja kuisikiliza. Kisha homa ya uti wa mgongo ikaja, ikayachukua masikio yake na kumwachia uhai. Ambokile aliikunja kwaya, na ulimi wake ukaanza kukata. Alisema mbele ya mkewe lolote, kwa kuwa hakusikia. Syabumi alipopandikizwa kisikio, akayasikia yote. Alifungasha nguo zake akaenda kwa dada yake. Gwakisa ndiye aliyemrudisha, akamwambia kisikio kilikuwa na kasoro, akakirekebisha. Na tangu hapo mtaa mzima ukastaajabia namna Syabumi anavyoishi kwa amani na mzee yule. Yeye mwenyewe aliwaambia watu kanisani kwamba Mungu hubadilisha mtu hata uzeeni.

Subilaga aliikumbuka jioni moja ya Mwanjelwa. Gwakisa ameinama juu ya kibodi, anachokoa ile M kwa kalamu, tena na tena. "Namtengenezea mama kitu," alisema. "Usiniulize." Naye hakuuliza. Alikuwa akimnyonyesha Lusajo, na alimpenda mume wake kwa ule mgongo ulioinama.

Sasa alimkasirikia. Alitamani awepo ili agombane naye. Nani alikupa ruhusa, angemuuliza, ya kumfanya mama yako aishi na mtu asiyekuwepo? Na Gwakisa angejibu: ulitaka nimwache atukanwe? Bibi alikuwa mzee. Alikuwa na furaha. Kubonyeza *Ndiyo* ilikuwa kazi ya kidole kimoja, na hakuna ambaye angejua.

Isipokuwa kwamba uongo ule ulikuwa wa Gwakisa hadi asubuhi hiyo. Akibonyeza, utakuwa wake.

Alirudi ndani, akavuta kigoda, akaketi mbele ya Bibi na kumweleza. Hakuzunguka. Alipomaliza, Bibi Syabumi alivaa miwani akasogea kwenye televisheni. Mzee alikuwa bado barazani anagombana na mvua, na mistari miwili iliendelea kupanda, wa juu na wa chini. Bibi alisoma muda mrefu.

"Gwakisa alifanya hivi."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikawa namshukuru mtu kwa matusi." Alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. Subilaga alingoja alie, lakini hakulia. "Nataka kukuuliza kitu, na usinifiche. Siku tuliyomzika mwanangu. Baba yake alisimama pale kaburini akasema. Mimi nilisikia, 'Pumzika, mwanangu.' Alisema nini?"

Subilaga alisogeza kigoda karibu. Siku ile alikuwa karibu na mzee kuliko mtu yeyote.

"Hakusema hivyo, mama. Alipiga kelele. Alisema, 'Gwakisa, mjinga wewe, umeniacha na nani?' Alikuwa akilia. Wanaume walimshika asianguke."

"Nilimwona ameachama," Bibi alisema polepole. "Niliona wamemshika. Na masikioni nikasikia maneno ya upole, kama ya mtu anayeaga mgeni. Nilimchukia siku ile, Mama Lusajo. Nilisema moyoni, huyu hana hata machozi kwa mtoto wake. Sijamsamehe hadi leo."

Programu haikujua tofauti ya tusi na kilio. Iliona ukali, ikaulainisha.

"Ondoa," alisema Bibi Syabumi.

"Mama, kuna mengine yataku—"

"Mwanangu alinipenda, najua. Ondoa."

Subilaga akachagua *Hapana*.

* * *

Siku zilizofuata zilikuwa vita. Kelele zilivuka uwanja tangu chai ya asubuhi. Bibi Syabumi alisikia kila neno na kulijibu, na miaka ya majibu aliyokuwa hajayatoa ilitoka kwa pamoja kama mahindi gunia likipasuka. Kuna jioni alikuja kwa Subilaga na shuka lake kwapani, akalala kwenye kitanda cha Lusajo bila kueleza. Subilaga alimsikia akijigeuza na akajuta. Alijiona kama mtu aliyebomoa nyumba ya wengine kwa sababu msingi wake haukumpendeza.

Wakati huo huo habari ilikuwa imetembea. Mwalimu mstaafu alikuja, ameandika ombi lake kwenye karatasi kwa mwandiko mzuri. Fundi cherehani alikuja na ubao wake. Subilaga aliiweka gemu mezani kitaluni, chini ya turubai, imeunganishwa na skrini ya kuazima, akawarudishia masikio mmoja mmoja. Kila mara lile swali lilitokea, na kila mara alilisoma kwa sauti na kueleza maana yake, kwa kuwa aliona si haki kumjibia mtu. Mwalimu alikataa hata kabla hajamaliza kuelezwa. Fundi cherehani alifikiri.

"Je, inaweza kuwekwa kwa mke wangu tu, siku akiwa na hasira?"

"Haiwezi."

"Basi acha," alisema, kwa masikitiko kidogo.

Ilikuwa asubuhi, mvua imekatika na jua linapandisha mvuke juu ya migomba, Mzee Ambokile alipokuja kitaluni. Hakuwahi kufika pale peke yake. Subilaga alikuwa amepiga magoti akihamisha miche. Aliona viatu vyake vikisimama mbele yake, akabaki akiwatazama wadudu kwenye udongo.

"Mama Lusajo," alisema mzee. "Ananijibu."

"Ndiyo, Baba."

"Jana amenijibu maneno ambayo hata mbwa haambiwi."

Subilaga aliendelea kushindilia udongo. Alikuwa amejiandaa kwa kulaumiwa, na alikuwa amekubali kwamba atastahili. Lakini mzee hakuendelea kwa ukali. Alichuchumaa kwa shida, magoti yakalia, akashika mche mmoja na kuugeuzageuza kama hajawahi kuona jani.

"Amenieleza alichofanya Gwakisa. Nilidhani ananidanganya." Alikohoa. "Unajua, mtu akitupa jiwe kisimani husubiri asikie maji. Mimi nilitupa, sisikii. Nasema neno baya, mwanamke anatabasamu. Nikasema, huyu ameshaniacha, mwili tu ndio uko hapa. Nikatafuta jiwe kubwa zaidi. Kila mwaka kubwa zaidi. Sikuwa na neno zuri la kumtupia, Mama Lusajo, sikufundishwa hayo. Nilitaka tu agutuke."

"Yalimuumiza, Baba," Subilaga alisema, na alishangaa kujisikia akisema hivyo. "Yale ya kwanza, kabla Gwakisa hajafanya lolote. Alifungasha nguo."

"Najua." Mzee aliuweka mche chini, taratibu. Alitazama meza, turubai, ile gemu nyeusi yenye mgongo uliovimba na feni yake ikivuma. "Hicho kidude. Hakiwezi kutengeneza na mdomo?"

Alikuwa hatanii. Kabla Subilaga hajamjibu, sauti ikapasua uwanja kutoka upande wa jikoni. Ilikuwa sauti iliyojaa, yenye kifua, ambayo zamani watu walitoka Kyela kwa ajili yake.

"Ambokile! Unamsumbua nini mkamwana wako na kazi zake? Kuni zimelowa hapa, njoo uzitoe, mvivu mkubwa wewe."

Mzee aliinua kichwa. Alikaa hivyo, sikio limeelekea nyumbani, na mdomo wake ukafunguka kidogo.

"Umemsikia anavyoniita?" alisema.

Aliinuka kwa kushika ukingo wa meza, akafunga kifungo cha juu cha koti lake, akaenda, na alienda upesi. Subilaga aliinua macho akautazama mgongo wake mpaka alipoingia mlangoni, ambako mkewe alikuwa amesimama akimngoja, bado anasema.